Baraza la Mbao Nairobi: Lipia Ukavu, Lipia Hewa

Anayetaka kujenga baraza la mbao nyuma ya nyumba yake Karen, Lavington au Loresho huanza kwa swali moja: nichukue mti gani? Fundi atamtajia mvule. Muuzaji atamsifia mahogani. Jirani ataapa kwamba saiprasi iliyotiwa dawa inatosha kabisa. Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli, lakini swali lenyewe limewahi mno. Baraza la mvule lililolazwa juu ya udongo mbichi litaoza, na baraza la saiprasi iliyokaushwa, likainuliwa juu ya ardhi na kupakwa mafuta kwa wakati, litaona watoto wako wakikua. Mwenye kiasi fulani cha pesa cha kugawa ningemshauri hivi: nyingi ziende kwenye ukavu wa mbao na kwenye hewa inayopita chini yake. Jina la mti lije la tatu.

Sababu iko kwenye hali ya hewa yetu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyoelekea magharibi, ukipita Dagoretti kwenda Karen na vilima vya Ngong, ndivyo ardhi inavyopanda na baridi kuongezeka. Jua la mwinuko huu, tena karibu na ikweta, huitesa mbao kuliko ngozi ya mtu inavyohisi, kwa kuwa hewa ya baridi hulificha. Miale yake huvunja lignini, kitu kinachoshikanisha nyuzi za mti, ndipo ubao unapogeuka kijivu na kuanza kuchambuka. Kisha huja masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Katikati yake, Juni hadi Agosti, kuna majuma ya mawingu na manyunyu ambapo ubao uliolowa alfajiri haujakauka hata magharibi. Mvua kubwa ya Aprili hupiga na kupita; unyevu mdogo wa Julai usioondoka ndio unaokaribisha kuvu.

Na chini ya hayo yote kuna udongo mwekundu wa Kileleshwa, Kangemi na Kikuyu, mzuri kwa mkulima na mzuri vilevile kwa mchwa. Anayeona kumbikumbi wakizunguka taa ya nje baada ya mvua ya kwanza ajue kwamba mchwa hawako mbali na msingi wake.

Tuje basi kwenye miti, maana hufai kuingia yadi ya mbao bila kujua unachokitazama. Saiprasi ndiyo inayobeba ujenzi wa Kenya. Mti huu wenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati ulipandwa kwa wingi katika mashamba ya misitu ya nyanda za juu, na kiini chake, ile sehemu ya ndani yenye rangi ya hudhurungi isiyokolea, huvumilia hali ya nje kwa kiasi cha kuridhisha. Tatizo ni kwamba miti mingi hukatwa ikiwa michanga, na mti mchanga una kiini kidogo na mbao nyeupe nyingi kuelekea gome. Mbao hiyo nyeupe haina kinga yoyote, wala si kwa saiprasi peke yake. Hata mvule na msaji, sehemu yao nyeupe huliwa kama ya mti mwingine wowote. Kwa hiyo unapochagua, geuza ubao utazame kingo zote mbili. Ukiona ukanda mweupe upande mmoja, huo ndio utakaotobolewa na bungua kwanza.

Msonobari ni laini zaidi na ukiwa mtupu nje haudumu. Lakini una sifa moja ambayo saiprasi haina: hunywa dawa. Kiini cha saiprasi hukataa dawa isipenye, hata ikisukumwa kwa shinikizo la mtambo, ilhali msonobari huipokea hadi ndani. Anayenunua mbao laini zilizotiwa dawa kiwandani kwa ajili ya fremu ya chini atapata kinga ya kweli zaidi kwa msonobari, hata kama saiprasi inaonekana nadhifu zaidi.

Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kutafuta kuni za kulisha injini za reli. Leo unaona nguzo zake za umeme kila barabara. Una nguvu sana, lakini mbao zake zikikaushwa haraka hupasuka na kujipinda, kwa sababu mti wenyewe hukua ukiwa na mkazo ndani ya shina. Mimi huupenda kama nguzo iliyotiwa dawa kiwandani, na siupendi kama sakafu ya kukanyagwa kwa miguu mitupu, isipokuwa una hakika umekaushwa polepole na mtu anayejua kazi hiyo. Mukima, ule mti unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba ya Murang'a na Kiambu, hutoa mbao zenye madoadoa mazuri yanayong'aa. Ufurahie ndani ya nyumba kama kabati au meza. Nje hauna maisha.

Halafu kuna mbao ngumu. Mvule hustahimili mchwa na kuvu, haujipindi ovyo, na mafundi wa Uganda na wa pwani wameuamini kwa vizazi vingi. Ndani yake wakati mwingine hukaa vijiwe vigumu vya chokaa vinavyokula meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha koo na ngozi, kwa hiyo fundi avae barakoa anapoupiga randa. Msaji unaofika Nairobi hutoka zaidi Tanzania, ambako yako mashamba ya miaka mingi ya Longuza, Muheza, na Mtibwa, Morogoro, pamoja na yale ya bonde la Kilombero. Kwa baraza la familia nadhani msaji wa shambani ndio uamuzi ulio safi kuliko wote: umepandwa, hukatwa kwa mpango na kupandwa tena, na mafuta yaliyomo mwilini mwake huufanya usihangaike na maji. Dai tu kiini. Mninga nao ni mzuri na haubadiliki sana unapolowa na kukauka, ila hutoka kwenye misitu ya miombo, ambako mti huchukua miongo mingi kukomaa.

Kuhusu mahogani, tahadhari. Jina hilo katika yadi zetu hubeba mbao nyingi nyekundu zinazotoka Kongo na Uganda, na hazilingani hata kidogo kwa uimara. Mkangazi wa kweli unafaa kwa baraza lililo chini ya paa, si kwa lile linalonyeshewa mwaka mzima. Muulize muuzaji: mti huu huitwaje kwao ulikotoka? Asipojua, lipa bei ya mbao usiyoijua au uiache.

Hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu baraza lako linaanza msituni, na msitu wenyewe haumo katika hali nzuri. Mwaka 1999 uchunguzi wa angani uliofanywa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, juu ya Mlima Kenya ulikuta maelfu ya miti ya kamfa imekatwa ndani ya hifadhi. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, kwanza kwa siku 90, kisha amri ikarefushwa tena na tena. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa, na muda si mrefu suala hilo likafika mahakamani. Katika miaka hiyo yadi za Nairobi zilijifunza kuishi kwa miti ya mashambani na kwa malori ya kutoka ng'ambo ya mipaka. Kenya, Uganda, Tanzania, Msumbiji na Madagaska zilikwisha kutia saini mwaka 2015 Azimio la Zanzibar la kupambana na biashara haramu ya mbao, jambo linaloonyesha kwamba njia hizo za malori zilikuwa zinajulikana.

Mnunuzi wa mbao thelathini za baraza anaweza kufanya nini? Anaweza kuuliza. Mbao halali husafirishwa kwa kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na muuzaji mwaminifu ana karatasi zake. Omba risiti yenye jina la mti. Mbao za miti ya asili kama kamfa, podo, mtarakwa au Meru oak zilizopasuliwa juzi tu, zinazouzwa jioni kwa bei ya kushangaza na bila karatasi, ziache hapo hapo hata kama roho inazitamani. Na mwenye shaka juu ya aina ya mbao aliyonayo ana pa kuuliza: Taasisi ya Utafiti wa Misitu, KEFRI, ina makao yake makuu Muguga, mwendo mfupi kutoka Kikuyu, na kituo chake cha mazao ya misitu kiko Karura.

Sasa ukavu. Mazungumzo ya yadini tunayajua sote, iwe ni Gikomba, Kawangware au Dagoretti Corner.

"Fundi, hizi zimekauka?"

"Zimekauka kabisa, mkubwa. Zimekaa hapa miezi mitatu."

Huenda zimekaa kweli. Lakini mbao zilizorundikwa moja juu ya nyingine bila nafasi, zikanyeshewa wiki mbili zilizopita, hazijakauka; zimesubiri tu. Kukaa na kukauka ni mambo mawili. Mti uliokatwa karibuni una maji mengi sana, na mbao huanza kusinyaa pale unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 28 hadi 30. Hapa Nairobi, ubao uliokingwa na mvua hutulia karibu na asilimia 12 hadi 15. Safari hiyo ya kutoka 30 hadi 12 ndiyo inayovunja mabaraza: ubao wa inchi sita uliopasuliwa kwa njia ya kawaida unaweza kupoteza milimita 6 hadi 9 za upana wake. Ukiupigilia ukiwa mbichi, utafanya safari hiyo ukiwa umefungwa kwa misumari, na kwa kuwa hauwezi kusogea, utapasuka.

Kipimo cha unyevu, kile kidude kidogo chenye sindano mbili, hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya katikati ya jiji na Industrial Area. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na baraza zima. Usikichome kwenye ncha ya ubao, kwani ncha hukauka kwanza na hudanganya. Mwambie muuzaji akate ubao mmoja katikati, kisha choma kwenye uso mpya uliokatwa. Ukisoma asilimia 18 au zaidi, mbao hizo bado.

Usipokuwa na kidude hicho, jikoni kunatosha. Kata kipande kutoka katikati ya ubao, kipime kwenye mizani, kisha kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selisiasi hadi uzito wake uache kupungua. Tuseme kilikuwa gramu 250 na sasa ni 200. Kimepoteza gramu 50, na 50 kwa 200 ni asilimia 25. Mbao hizo zinahitaji miezi zaidi. Hesabu hii hugawanywa kwa uzito mkavu, si kwa ule wa mwanzo. Mafundi wengi hukosea hapo na kupata jibu linalopendeza kuliko ukweli.

Na kama mbao nzuri ni mbichi, zinunue mapema uzikaushe mwenyewe. Tafuta mahali penye kivuli na upepo, kwenye kibanda cha gari au upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana. Inua rundo juu ya matofali, kila safu uitenganishe na nyingine kwa vijiti vya inchi moja vilivyopangwa kila futi mbili, vijiti vyote visimame juu ya vyenzake kwa mstari mmoja. Paka ncha za mbao rangi yoyote nzito iliyobaki nyumbani ili zisikauke kabla ya mwili na kupasuka. Juu kabisa weka mawe, na juu ya mawe mabati. Saiprasi ya inchi moja, ikipangwa hivi mwezi wa Desemba, huwa imefika mahali pazuri kabla ya masika. Mbao ngumu hudai subira zaidi, na zile za inchi mbili zaidi tena.

Kuna chanzo kingine cha mbao kavu ambacho Nairobi ya magharibi inacho kuliko miji mingi. Nyumba za zamani za Kilimani, Kileleshwa na Lavington zinabomolewa kupisha magorofa, na ndani ya mapaa na sakafu zake mna mbao zilizokauka kwa miongo: mtarakwa, podo, kamfa, mara nyingine mvule. Zikifika mikononi mwa wauzaji wa vitu vya kubomolewa, wengi huziona kuukuu na kuzipita. Mimi nazihesabu kuwa miongoni mwa mbao bora unazoweza kupata mjini humu, na hakuna mti uliokatwa kwa ajili yako. Podo iache kwa kazi za ndani, lakini mtarakwa na mvule wa zamani ni hazina. Pitisha sumaku ili uipate misumari iliyokatika kabla msumeno haujaipata. Tazama vitobo vidogo na unga mweupe unaomwagika: huyo ni bungua aliye hai, na ubao huo usiingie uani kwako. Rangi ya zamani yaweza kuwa na risasi ndani, kwa hiyo usiisugue ikiwa kavu huku watoto wakiwa karibu.

Mataruma ya reli ni jambo jingine. Yanapendwa sana kwenye bustani za Karen kwa sura yake ya kale, nami naelewa kwa nini. Lakini mataruma ya mbao yalitiwa kriosoti, mafuta meusi ya makaa ya mawe yanayoweza kusababisha saratani, na siku ya jua kali huchuruzika hadi juu. Yawekwe yanakopita magari, au kama ukingo wa kitalu cha maua. Mtoto asitambae juu yake.

Hili linanipeleka kwenye dawa. Dawa ya kawaida ya mbao nchini ni ile inayoacha rangi ya kijanikibichi hafifu, mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Inafanya kazi, nguzo zilizotiwa dawa hiyo husimama ardhini miaka mingi. Lakini aseniki ni sumu. Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa 2003, na Umoja wa Ulaya ukaibana mwaka 2004. Msimamo wangu ni huu: mbao za kijani zikae chini, kwenye nguzo na boriti zisizoguswa, na sakafu inayokanyagwa iwe ya mbao ngumu isiyo na dawa hiyo. Kila mahali fundi anapokata mbao iliyotiwa dawa, ile ncha mpya ni mlango wazi, kwa hiyo ipakwe dawa ya brashi siku hiyo hiyo. Na vipande vinavyobaki visichomwe kamwe. Nasema hili kwa uzito wote, kwa sababu nyumbani kwetu kipande cha mbao kilichobaki huishia kwenye jiko la choma au chini ya sufuria ya mlinzi. Moshi na majivu yake vina aseniki. Vikusanye, umweleze fundi, umweleze na mlinzi, na vitoke uani.

Oili chafu ya gereji, inayopakwa nguzo ili kufukuza mchwa, iache. Haipenyi, haidumu, na huacha uchafu wa metali kwenye udongo ambao pengine umepanda sukuma wiki hatua mbili tu kutoka hapo.

Sasa tushuke chini ya sakafu, mahali ambapo mgeni haoni na ambapo kazi yote inaamuliwa. Wajenzi wa reli waliojenga nyumba za mbao na mabati katika Nairobi ya mwanzo waliziinua juu ya nguzo fupi, hewa ikapita chini. Fanya vivyo hivyo. Ondoa majani na udongo wa juu, usawazishe ardhi iteremke kutoka ukutani mwa nyumba, kisha mwaga kokoto. Nguzo za mbao zisiingie ardhini. Zisimame juu ya vibao vya chuma vilivyofungwa kwenye misingi ya zege inayojitokeza angalau sentimita 15 juu ya udongo. Mchwa hapendi mwanga. Akitaka kupanda, itambidi ajenge kijia cha udongo juu ya hiyo zege, na wewe utakiona ukipita asubuhi. Hiyo ndiyo faida ya kuacha nafasi: mchwa anakosa mahali pa kujificha. Kwa sababu hiyo hiyo, usizibe pembeni mwa baraza kwa ukuta wa mawe bila matundu, hata kama msanifu anapenda mstari uliokamilika. Kati ya ardhi na boriti pawe na nafasi ya kutosha mtu kuingiza mkono na tochi, na ikiwezekana mtu mwenyewe.

Juu ya kila boriti laza ukanda wa lami, ule unaowekwa kwenye msingi wa nyumba kuzuia unyevu, uwe mpana kidogo kuliko boriti. Maji hukaa pale ubao unapokutana na boriti kuliko mahali pengine popote, na ukanda huo wa bei ndogo huongeza miaka.

Ubao unaouzwa kama sita kwa moja, ukishapigwa randa, hubaki na unene wa milimita 20 au 22. Ukiwa wa mbao laini, boriti zisiachane zaidi ya sentimita 30, la sivyo sakafu itanesa. Mbao ngumu za unene huo huo zinavumilia sentimita 40. Acha mwanya kati ya ubao na ubao: kwa mbao kavu, unene wa msumari wa inchi nne, yaani karibu milimita 5, unatosha kwa maji na kwa ufagio. Sakafu nzima iteremke sentimita moja kwa kila mita, kuelekea nje. Pimamaji aweke fundi mwenyewe, nawe simama utazame.

Misumari ya kawaida haifai. Hutokeza baada ya mvua za mwaka mmoja, na kutu yake ikikutana na tanini iliyo kwenye mkaratusi na mbao nyingine ngumu huacha machozi meusi yasiyofutika. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu, mbili kwa kila boriti, zenye urefu wa mara mbili na nusu ya unene wa ubao, na kila tundu litobolewe kwanza kwa keekee. Fundi atalalamika kwamba inachelewesha kazi. Mlipe muda huo.

Walio kwenye magorofa ya Kilimani na Kileleshwa, wenye roshani tu, wana kazi ndogo lakini yenye mtego. Vigae vya mbao vinavyoshikana huwekwa juu ya sakafu bila skrubu yoyote, na hilo ni jambo jema, kwa sababu skrubu moja inayotoboa tabaka la kuzuia maji itampelekea jirani wa chini unyevu darini. Viinue kila baada ya miezi michache, fagia chini yake, hakikisha mdomo wa bomba la maji uko wazi. Zile mbao za mchanganyiko wa plastiki haziozi upesi, ni kweli, ila kwenye roshani inayotazama magharibi hushika joto la alasiri hadi hazikanyagiki kwa mguu mtupu.

Baraza likishasimama, kalenda yake ifuate mvua. Februari na Septemba, kabla ya masika na kabla ya vuli, chagua siku tatu kavu mfululizo. Fagia, sugua kwa brashi ngumu na maji ya sabuni ukifuata mkondo wa nyuzi, suuza, acha likauke kabisa, kisha paka mafuta ya mbao yenye rangi kidogo ndani yake. Rangi hiyo ndiyo kinga dhidi ya jua. Mafuta yasiyo na rangi hupitisha miale. Paka kidogo, subiri robo saa, futa yote ambayo mbao haikunywa. Mashine ya maji yenye nguvu ile ya kuoshea magari isiguse mbao: huchimba nyuzi laini na kuacha matuta ambayo yatashika maji.

Vanishi ing'aayo naikataza kwa baraza la nje. Hupendeza miezi michache, kisha jua huipasua, maji huingia chini yake na kukosa njia ya kutoka, na kuiondoa yote ni kazi ya kukwangua kwa siku nyingi. Mafuta ya linsidi peke yake nayo hayafai hapa. Kuvu huyapenda, na baridi ya Julai hukuta karamu tayari, sakafu nzima ikawa na madoa meusi. Ukiyatumia, au ukitumia mafuta yoyote yaliyo na linsidi, kuwa mwangalifu na vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta hayo na kukunjwa kwenye kona hujipasha joto chenyewe hadi kikawaka moto bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye ndoo ya maji kabla ya kukitupa.

Oktoba na Novemba maua ya mjakaranda huanguka kwa wingi Lavington na Kileleshwa. Ni mazuri mno yakiwa juu ya mbao, na ukiyaacha yaloe huteleza, huacha doa na kujaza mianya maji yasipite. Yafagie kila siku chache, na kwa kisu butu safisha mianya yenyewe. Vyungu vya maua viinue juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini, na uvihamishe mara kwa mara. Jiko la makaa lisiwekwe juu ya sakafu ya mbao hata kwa dakika chache; choma iwe pembeni, juu ya mawe.

Kila Agosti, baridi inapoanza kulegea, chukua bisibisi na tochi uingie chini. Choma kila nguzo na kila mwisho wa boriti. Panapoingia bila kuzuiwa pameoza, na papasuliwe papo hapo kabla vuli haijaanza, maana uozo wa kiganja mwezi Agosti huwa wa mkono mzima mwezi Desemba. Kijia cha mchwa ukikikuta, kivunje na utazame kesho yake. Kikijengwa upya, ita mtu wa dawa ya mchwa, na amwage dawa ardhini pale wanapotokea, si juu ya mbao tu.

Jambo moja la mwisho lifanywe siku ya kununua. Ongeza mbao chache za fungu lile lile, karibu moja kwa kila kumi, uzihifadhi darini zikiwa zimelala sawa. Nyuma ya moja andika kwa kalamu ya risasi aina ya mti, yadi uliyonunua na mwezi. Miaka ikipita na ubao mmoja ukapasuka, hutazunguka Gikomba ukitafuta wa upana ule ule uliokwisha kuachwa na mashine. Ubao huo mpya utang'aa kuliko wenzake kwa msimu mmoja. Upake mafuta uso, mgongo na ncha zote kabla ya kuufunga, kisha acha jua la Nairobi limalize kazi ya kuulinganisha.